Maisha ya Guglielmo Marconi (1874–1937): Ujumbe Bila Waya na Tatizo la Usalama Wake

Mwanafunzi, ukiulizwa kuhusu mawimbi ya redio, jina la Marconi linakujia haraka: Mwitaliano aliyetuma ujumbe bila waya. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitakupa alama nyingi. Maisha ya mtu huyu yanabeba maswali mawili ambayo yanastahili kueleweka vizuri. La kwanza: mpokeaji anaijuaje njia ambayo mawimbi yamepita hadi kumfikia? La pili: anajuaje kwamba aliyetuma ni yule anayemtarajia, na si mtu mwingine? Swali la kwanza lilimpa Marconi umaarufu. La pili lilimtia aibu mbele ya watu, na mpaka leo mafundi wa mitambo ya simu bado wanahangaika nalo.

Alizaliwa Bologna, kaskazini mwa Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland, katika ukoo uliojulikana kwa kutengeneza wiski. Hali ya mama yake usiichukulie kama pambo la habari: ndiyo iliyompa Marconi lugha ya Kiingereza na ndugu wenye fedha Uingereza, na bila hivyo huenda kazi yake ingeishia kijijini. Hakusoma chuo kikuu. Alifundishwa zaidi na walimu wa nyumbani, kisha profesa Augusto Righi wa Chuo Kikuu cha Bologna, aliyekuwa jirani, akamruhusu kutumia vitabu na vifaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amethibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo. Hertz alifariki Januari 1894 akiwa na umri wa miaka 36. Wanasayansi wengi waliyaona mawimbi hayo kama jambo la maabara. Marconi, kijana wa miaka 20, aliyaona kama simu. Akaanza kazi katika chumba cha juu cha nyumba ya wazazi wake, Villa Griffone, pale Pontecchio.

Hebu vitazame vifaa vyake, kwa sababu tatizo lote la baadaye limejificha humo. Upande wa kutuma kulikuwa na mtambo wa kutoa cheche za umeme. Kila cheche ilirusha mawimbi. Upande wa kupokea kulikuwa na mrija mdogo wa kioo wenye chembechembe za metali ndani yake. Kwa kawaida chembe hizo hazipitishi umeme vizuri. Wimbi likizifikia, zinashikamana na kuruhusu mkondo wa betri kupita, na kengele inalia au mashine inachapa alama kwenye utepe wa karatasi. Kisha nyundo ndogo inaugonga mrija ili chembe ziachane na kusubiri wimbi jingine. Mrija huo haukubuniwa na Marconi. Mfaransa Édouard Branly na Mwingereza Oliver Lodge walikuwa wameushughulikia kabla yake. Mchango wake mkubwa ulikuwa kuinua waya juu na kuunganisha upande wa pili na ardhi, yaani antena na ardhi, na umbali ukaongezeka sana. Mwaka 1895 ishara ilivuka kilima hadi kiasi cha kilomita 2. Kaka yake Alfonso, aliyekuwa upande wa pili ambako hakuweza kuonekana, alifyatua bunduki kumjulisha kwamba imefika.

Sasa zingatia jambo moja. Ule mrija haukujali nani amewasha cheche. Wimbi lolote lenye nguvu ya kutosha, liwe la Marconi, la jirani au la radi, lilizishikamanisha chembe zilezile.

Februari 1896 Marconi alikwenda London pamoja na mama yake. Tarehe 2 Juni mwaka huo aliomba hataza, na William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza, akamsaidia kufanya maonyesho. Mei 1897 ujumbe ulivuka maji ya Mlango wa Bristol, Julai kampuni yake ikaanzishwa, na Machi 1899 ujumbe ukatoka Ufaransa hadi Uingereza juu ya bahari, umbali wa kilomita 50 hivi. Miaka hii hupitiwa upesi katika vitabu, na nasi tuipite hivyo.

Kadiri mitambo ilivyoongezeka, ujumbe ulianza kugongana. Vituo viwili vikirusha pamoja, mpokeaji alipata fujo. Aprili 1900 Marconi alipata hataza ya Uingereza namba 7777, iliyohusu kulinganisha masafa: kisambazaji na kipokezi vinarekebishwa ili vitikisike kwa masafa yaleyale, na kipokezi kisilijibu sana wimbi lenye masafa mengine. Ndicho unachofanya unapotafuta stesheni kwenye redio. Ulikuwa ubunifu wa kweli. Tatizo ni kwamba yeye na kampuni yake waliutangaza kama ulinzi pia, kwamba asiye na kifaa kilicholinganishwa hataweza kuingilia wala kusikiliza. Hapa wanafunzi wengi huteleza kama Marconi mwenyewe. Kulinganisha masafa ni kutenganisha mazungumzo, si kuyafunga kwa kufuli. Mtu yeyote mwenye kipokezi anaweza kuzungusha kitufe mpaka afike masafa yako.

Kabla ya kuona alivyolipia kosa hilo, twende Atlantiki, kwani huko ndiko swali la kwanza lilikojibiwa.

Mwaka 1901 Marconi alijenga kituo chenye nguvu kubwa Poldhu, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wataalamu wengi walimwona anapoteza fedha. Hoja yao ilikuwa na msingi: mawimbi husafiri katika mstari ulionyooka, dunia ni mviringo, basi mawimbi yatatokomea angani badala ya kupinda. Septemba dhoruba iliangusha milingoti ya Poldhu, na Novemba ile ya Cape Cod, Marekani, nayo ikaanguka. Marconi hakusubiri. Alijenga antena ndogo Poldhu, kisha akasafiri na wasaidizi wawili, George Kemp na Percy Paget, hadi Newfoundland, na kuweka vifaa juu ya kilima cha Signal Hill. Hakukuwa na mlingoti. Waya wa antena ulipandishwa na tiara katika upepo mkali wa baridi.

Poldhu ilikuwa imeagizwa kurusha herufi S ya alama za Morse, yaani nukta tatu, tena na tena, kwa saa zilizopangwa kila siku. Tarehe 12 Desemba 1901, yapata saa sita na nusu mchana, Marconi alisikia nukta tatu hafifu katika kisikizio cha simu. Akampa Kemp asikilize. Umbali ulikuwa takriban kilomita 3,400. Ukigawanya kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, utapata kwamba wimbi lilitumia kiasi cha sekunde 0.011 kufika. Meli ya wakati ule ilitumia siku kadhaa.

Kwa nini herufi moja tu, tena ileile? Kwa sababu katika kelele nyingi ni rahisi kukitambua kitu unachokijua kabla hakijafika. Ikiwa mpokeaji anajua hasa kilichotumwa, anaweza kulinganisha na kilichofika, na tofauti baina ya hivyo viwili inamweleza habari za njia: imepunguza nguvu kiasi gani, imechelewesha kiasi gani, imepotosha nini. Simu iliyo mfukoni mwako inategemea kanuni hiyohiyo. Kabla na wakati wa mazungumzo, simu na mnara hurushiana ishara za majaribio ambazo pande zote mbili zinazijua, ili kukadiria njia ambayo mawimbi yamepita katikati ya majumba, miti na watu. Kazi hiyo huitwa ukadiriaji wa njia. Bila makadirio hayo, mnara haujui namna ya kusahihisha kilichoharibika, wala uelekeze wapi nguvu zake ili zikufikie wewe.

Lakini ishara inayojulikana ina udhaifu wake. Marconi na Kemp walijua wanachotaka kusikia, na hawakuwa na utepe wa karatasi uliochapwa. Ushahidi ulikuwa masikio yao. Radi nazo hutoa milio ya mkato katika kisikizio. Watu wakauliza kama walisikia Poldhu au walisikia matumaini yao, na wanahistoria wa sayansi hawajamaliza ubishi huo mpaka leo. Kwa maoni yangu, ukiandika katika mtihani kwamba jambo hili lilithibitishwa kikamilifu siku ile, utakuwa umezidisha. Andika kwamba Marconi alitangaza kuwa amepokea.

Yeye mwenyewe alijua pengo hilo, na hapa ndipo anapostahili heshima. Februari 1902 alipanda meli Philadelphia kuelekea Amerika, safari hii akiwa na mashine ya kuchapa alama kwenye utepe na nahodha wa meli kama shahidi. Usiku, ujumbe kamili ulipokelewa hadi kiasi cha kilomita 2,500 kutoka Poldhu, na herufi S hadi zaidi ya kilomita 3,300. Mchana, mambo yalikatika kwenye kilomita 1,100 hivi. Kwa hiyo njia ileile, kwa mtambo uleule, ilikuwa ndefu usiku na fupi mchana! Marconi hakuwa na maelezo sahihi ya sababu. Mwaka huohuo Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kwa upande wake, walipendekeza kuwa juu angani kuna tabaka lenye chembe za umeme linalorudisha mawimbi chini. Edward Appleton alilithibitisha mwaka 1924. Sisi tunaliita ionosfea. Jua huibadilisha, na ndiyo maana redio ya masafa ya kati husikika mbali zaidi usiku. Njia ya mawimbi haipimwi mara moja ikaisha. Lazima ipimwe tena na tena.

Sasa turudi kwenye kufuli ambalo halikuwa kufuli.

Makampuni ya telegrafu yaliyolaza mikongo chini ya bahari yalikuwa yamewekeza fedha nyingi sana. Mojawapo lilikuwa Eastern Telegraph Company. Kampuni dada yake ndiyo iliyoufikisha mkongo Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden na kuuendeleza hadi Afrika Kusini. Simu isiyohitaji mkongo ilikuwa tishio kwa biashara hiyo. Kampuni ikamwajiri Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe wa London aliyekuwa pia fundi hodari wa redio, afuatilie kazi ya Marconi. Maskelyne alisimamisha mlingoti karibu na Porthcurno, Cornwall, na mwaka 1902 akatangaza katika jarida la mafundi kwamba amekuwa akisoma ujumbe wa Marconi bila taabu kubwa. Hakuvunja kufuli lolote. Alisikiliza tu.

Kuthibitisha kwamba ujumbe unasikika ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba unaweza kughushiwa ni jingine, na hilo lilikuja tarehe 4 Juni 1903. Siku hiyo John Ambrose Fleming, mwanafizikia mashuhuri aliyekuwa mshauri wa Marconi, alikuwa akitoa mhadhara katika Royal Institution, London. Ukumbi ulijaa. Mwishoni ulitarajiwa ujumbe wa Marconi kutoka Poldhu. Kabla ya wakati huo, mashine ya kupokea ilianza kugonga yenyewe. Fleming, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, aliendelea na mhadhara. Msaidizi wake alisoma utepe na kushtuka: kwanza neno la Kiingereza lenye maana ya panya, limerudiwa mara kadhaa, kisha mashairi ya dhihaka yanayomtuhumu Marconi kwamba anahadaa watu. Maskelyne alikuwa karibu na hapo na mtambo mdogo wa cheche.

Aliwezaje, na mitambo ilikuwa imelinganishwa? Fikiria mtu anayekunong'oneza kutoka upande wa pili wa uwanja, na mwingine anayepiga kelele sikioni mwako. Mawimbi ya Poldhu yalikuwa yamesafiri mamia ya kilomita. Ya Maskelyne yalitoka mitaa ya jirani, na cheche isiyolinganishwa hutawanya nguvu zake katika masafa mengi kwa pamoja, hivyo sehemu yake ilitosha kukiamsha kipokezi. Kipokezi hakikuwa na njia ya kuuliza: wewe ni nani?

Fleming alikasirika na kuandika gazetini, katika The Times, akiomba wasomaji wamsaidie kumpata mhusika. Siku chache baadaye Maskelyne akajitokeza mwenyewe katika gazeti hilohilo: ndiye aliyefanya, na amefanya ili umma ujue ukweli. Wapo wanaomsifu kama mlinzi wa umma. Kumbuka hata hivyo kwamba alikuwa amelipwa na mshindani. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja: nia yake haikuwa safi, na alichokionyesha kilikuwa sahihi.

Jaribio la Maskelyne lina ndugu yake wa siku hizi, mwenye hila zaidi. Nimesema mnara huijua njia yako kwa kupokea ishara ya majaribio kutoka kwenye simu yako. Sasa adui akirusha ishara ileile, wakati uleule, mnara hupokea mchanganyiko wa mbili ukidhani ni moja. Makadirio yake yanaharibika, na mnara unaelekeza sehemu ya nguvu zake kwa adui. Adui hahitaji kuvunja msimbo wowote. Amewahi kabla ya mazungumzo kuanza. Njia mojawapo ya kujilinda ni kutotumia ishara moja isiyobadilika, bali kuchagua bila mpangilio miongoni mwa nyingi, ili adui asijue ipi inakuja. Nyingine ni kuangalia nguvu iliyopokelewa: ikizidi inayotarajiwa, pana mgeni.

Uwazi wa njia hiyo una uso mwingine pia. Januari 1909 meli Republic iligongwa katika ukungu, na wito wa redio ukasaidia kuokoa zaidi ya watu 1,500. Mwaka huo Marconi alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Aprili 1912 Titanic ilipozama, waendeshaji wawili wa redio walioajiriwa na kampuni ya Marconi waliita msaada, na takriban watu 700 wakaokolewa. Meli inayozama haitaki siri. Inataka kila mwenye kipokezi asikie. Uingereza ilipoingia vitani Agosti 1914, ilikata mara moja mikongo ya Ujerumani chini ya bahari, na Wajerumani wakalazimika kutegemea zaidi redio, ambayo Waingereza waliisikiliza. Vita hivyo vya mawasiliano vilifika kwetu mapema: tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilishambulia Dar es Salaam, na shabaha yake kuu ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani.

Baada ya vita Marconi, aliyekuwa amepoteza jicho la kulia katika ajali ya gari mwaka 1912, alifanya majaribio mengi ndani ya meli yake Elettra. Yeye na mhandisi Charles Franklin waligeukia mawimbi mafupi, ambayo antena huweza kuyakusanya kama mwali wa tochi kuelekea upande mmoja. Vituo vya namna hiyo viliiunganisha Uingereza na Kanada mwaka 1926, na mwaka uliofuata Australia, Afrika Kusini na India. Asiyekuwa katika mwelekeo wa mwali alipata ishara dhaifu zaidi. Huo haukuwa ulinzi kamili, lakini ulikuwa hatua nzuri kuliko hataza namba 7777. Mwaka 1929 biashara ya mawasiliano ya Marconi na ile ya mikongo ziliunganishwa, na waliopigana 1903 wakawa chini ya paa moja.

Usiruke upande wake wa giza. Mwaka 1923 Marconi alijiunga na chama cha Kifashisti cha Mussolini, na mwaka 1930 akafanywa rais wa Akademia ya Kifalme ya Italia chini ya utawala huo. Alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937. Uingereza, vituo vya redio vilinyamaza kwa dakika mbili. Kaburi lake lipo Villa Griffone, penye kilima kile alichovuka kwa ishara yake ya kwanza.

Jipime kwa maswali haya kabla hujafungua ukurasa mwingine.

1. Kituo kinarusha mawimbi kwa masafa ya kilohezi 1,000. Tafuta urefu wa wimbi lake.

2. Eleza kwa nini mtambo mdogo wa Maskelyne uliweza kuushinda mtambo mkubwa wa Poldhu katika ukumbi wa London.

3. Marconi angeagiza Poldhu irushe herufi tofauti kila siku, ambazo yeye hazijui mpaka azipokee, ushahidi wake wa mwaka 1901 ungekuwa na nguvu zaidi au kidogo? Toa sababu kwa pande zote mbili.